Huyo Ferdinand Wako

Altenrode, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka, ingawa Fancy ananicheka, anasema dada yake amekuwa mtu wa zamani. Uliniambia simu huko Kabazi inakatakata maneno, na kwamba hupendi habari zako zisomwe kwa simu ya mtu mwingine. Basi nimenunua stempu na nitakuwa naandika.

Mimi ni mzima. Baridi nimeizoea na chakula pia. Kazi mpya tuliyopewa ni hii: jumba letu la maonyesho litaonyesha maisha ya mtu wa mji huu aliyeitwa Ferdinand Lohse. Alizaliwa hapa mwaka 1826 akafa mwaka 1891, na enzi zake hapakuwa na mwimbaji wa opera za kuchekesha aliyependwa kuliko yeye. Opera unaijua, ni mchezo ambao watu huimba badala ya kuzungumza. Zile za kuchekesha ni za mabwana wazee wanaodanganywa na wafanyakazi wao, na wapenzi wanaojificha kabatini.

Mimi nimepewa vitabu na magazeti ya wakati huo nisome habari zake. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Ferdinand aliimba besi kanisani tangu sauti ilipovunjika, akapelekwa kusomea uchungaji, akatoroka na kundi la waimbaji. Hakutaka kuchekesha mtu. Alitaka kuimba wafalme. Sasa siku moja akiwa mfalme anayekufa, ndevu za bandia zilibanduka zikamwingia mdomoni katikati ya wimbo. Aliendelea kuimba huku akizitafuna. Watu walicheka hadi pazia likashushwa. Kesho yake mkubwa wa kundi alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo ataimba vichekesho tu, na Ferdinand akaenda nyuma ya zizi la farasi akalia.

Nami nitaimba katika maonyesho hayo. Nafasi yangu nitakueleza ikishathibitishwa.

Msalimie Pastor Achola na kwaya yako yote.

Binti yako,
Nabalayo

*

Altenrode, 2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Jibu lako halijafika lakini siwezi kungoja. Siku hizi mambo yangu yote ni Ferdinand. Naamka naye, nalala naye. Nikila, yuko mezani. Wenzangu wananitania wanasema nimeshikwa.

Ni mtu mnene, anayependa bia na mguu wa nguruwe, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka. Watu wa mji wakimwona barabarani huanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Zamani jambo hilo lilimuuma sana. Sasa analipenda. Amenifunza kutoogopa watu wakicheka, kitu ambacho walimu wangu wote hawakuweza. Sikukuambia, Baba, lakini mwaka jana nilikuwa karibu kukata tamaa nirudi nyumbani. Huyu ndiye aliyefanya nibaki.

Natamani ungemjua. Nina hakika mngeelewana, maana nyote wawili ni besi na nyote wawili mna kichwa kigumu.

Nimemtumia Fancy wimbo wangu mmoja kwa simu. Ukienda kwake saluni huko Rhonda akuwekee usikilize, kisha uniambie bila kunionea huruma.

Binti yako,
Nabalayo

*

Kabazi, 24 Machi 2025

Binti yangu Nabalayo,

Nimepata barua yako ya tarehe 2. Mimi ni mzima. Mahindi tumepanda, mvua imeanza vizuri upande huu wa Subukia, na ng'ombe amezaa, ingawa ni dume.

Ule wimbo nimeusikiliza kwa Fancy. Uliimba kwa huzuni kubwa. Fancy mwenyewe alilia, alikuwa akipangusa macho kwa taulo ya kazi, na wateja wake wa saluni pia walilia. Jumapili niliwaambia wazee wa kanisa kwamba binti yangu huko Ujerumani anaimba nyimbo za kugusa moyo, si upuzi.

Sasa kuna jambo. Umeniandikia habari za mtu anayeitwa Ferdinand. Umesema mengi, lakini yale ambayo mzazi huuliza hukuyasema. Wewe una jina la mama yangu, na mama yangu hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. Kwa hivyo nijibu. Huyo Ferdinand wako ni wa ukoo gani? Baba yake ni nani? Yeye mwenyewe ana kazi gani ya kueleweka? Ana umri gani? Amewahi kuoa?

Sijamwambia Fancy wala mtu mwingine yeyote. Hili ni letu sisi wawili.

Baba yako,
W. Sitati

*

Altenrode, 14 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi kwenye ngazi za jumba la maonyesho, na nilifurahi mno. Ile ya Februari hukuitaja, lakini naona ilifika, maana usingemuuliza Ferdinand kwa undani namna hii. Sikutarajia kwamba ungependezwa naye. Na mimi napenda hili liwe letu wawili.

Basi, ukoo wao ni wa hapa hapa Altenrode. Baba yake ni mchungaji, mkali kama wembe. Hawasemezani, kwa sababu mzee haamini kwamba kuchekesha watu ni kazi. Na Ferdinand hana kazi nyingine. Hajui hata kuchemsha yai. Pale nilipofika mimi ana miaka hamsini na minne. Tumbo limezidi na magoti yanamsumbua, lakini hapo ndipo ninapompenda zaidi, kwa sababu ameacha kujifanya mtu mwingine. Ameoa, ndiyo. Mkewe anaitwa Klara, mwimbaji pia. Walipata watoto wanne, kisha Klara akachoshwa na pombe na safari zisizoisha, akabeba sanduku lake akaenda.

Na sasa ile habari niliyokuwa naingoja. Mimi ndiye nitakayekuwa mke wake. Kulikuwa na kusitasita kidogo kati yangu na msichana mwingine, lakini mwishowe nimechaguliwa mimi. Gauni la harusi limeshapimwa, jeupe, lina mkia mrefu ambao nina hakika nitajikwaa juu yake. Ni tarehe 28 Juni. Jioni hiyo mji mzima utakuwepo.

Usingizi sipati kwa furaha.

Binti yako,
Nabalayo

*

Rhonda, Nakuru, 28 Aprili 2025

Sasa dada,

Umeniuliza kwa WhatsApp kama ni kweli Baba alisikia ule wimbo, nikasema nitakujibu vizuri kwa email, kwa sababu hii si kitu ya kuandika nikiwa na mteja kwa kiti.

Siku ile nilicheka mpaka nikatoa machozi. Hiyo sehemu mjakazi amejificha kwa kikapu ya nguo chafu na mzee anaikalia, woi. Wateja wote walikuwa wamelala kwa makochi juu ya kucheka. Baba alikuwa hapo katikati yetu, mkono kwa shavu, anatikisa kichwa polepole kama mtu ako matanga. Nilidhani ni vile haelewi Kijerumani. Sasa unaniambia amekuandikia kwamba wimbo ni wa huzuni na mimi nililia.

Jana nikapanda Kabazi bila kumwambia. Nilimpata nje anachambua maharagwe, amenipa mgongo. Nikamwita. Kimya. Nikachukua sufuria nikaiangusha kwa simiti. Kuku zilitoroka zote. Yeye hakugeuka. Nilipokuja mbele yake ndio akashtuka, akaniuliza nimefika saa ngapi. Nilimwangalia vile ananiangalia mdomo nikiongea, Nabalayo, na nikajiuliza hii kitu imekuwa hivi tangu lini na sisi tunasema tu mzee amekuwa mkimya. Ile miaka yote kiwandani karibu na mashine za kufuma blanketi, na hakuna mtu aliwahi kumuuliza juu ya masikio. Nilienda nyuma ya jikoni nikakaa huko kidogo.

Sijamwambia kitu. Nilitaka tuongee mimi na wewe kwanza.

Lakini kuna ingine. Mzee ana siri. Amevaa suti katikati ya wiki akaenda kwa Pastor Achola, na si mara moja. Nikimuuliza anasema ni mambo ya wazee. Halafu akaniuliza, polepole hivi, eti pasipoti huchukua muda gani kutoka. Baba, ambaye kufika Nairobi tu anaona ni kusumbua watu. Unajua chochote?

Fancy

*

Kabazi, 6 Mei 2025

Binti yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti nikaisoma tena.

Nimekusomesha ukavuka bahari. Mama yenu alipofariki niliwalea wewe na Fancy peke yangu, na sikuwahi kuwachagulia rafiki wala kazi. Kwa hivyo unajua kwamba sisemi haya kwa kupenda kusema.

Mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye watoto wanne, ambaye mkewe alimkimbia kwa ajili ya pombe. Hasemezani na baba yake mzazi, ambaye ni mtumishi wa Mungu. Hajui kuchemsha yai. Kazi yake ni kuchekwa. Na hakuona hata aibu, alikuwa akichagua kati yako na msichana mwingine kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, nawe umeniandikia hayo kwa furaha. Tarehe mmepanga, gauni limepimwa, na baba yako anaambiwa mwishoni.

Usidhani ni kwa sababu ni Mzungu. Angekuwa Mbukusu mwenzetu wa Kimilili ningesema maneno haya haya.

Nimemwendea Pastor Achola. Jina lako sikulitaja. Nilimwambia tu kuna mtu wa mbali anaitwa Ferdinand ambaye anahitaji maombi. Sasa kila Jumatano wanamwombea aache pombe na arudiane na mke wake Klara.

Tena nimeulizia pasipoti. Nikiweza nitakuja huko kabla ya tarehe 28 Juni, niketi na mtu huyo tuzungumze. Nisipoweza, aje yeye hapa. Sitamfukuza. Mkono wake nitaupokea na chai atakunywa. Lakini aje na baba yake, na kwanza wapatane hao wawili, kwa sababu siwezi kumpa binti mtu ambaye hamsalimu baba yake.

Na kama umeshaamua na huwezi kurudi nyuma, bado wewe ni wangu. Chumba chako nimekifagia na kupaka rangi. Nilitaka tu ujue kwamba nilisema.

Baba yako,
W. Sitati

*

Altenrode, 15 Mei 2025

Baba yangu,

Barua hii nimeipitisha kwa Fancy, aichape mjini na akuletee mkononi leo hii, kwa sababu posta imetuchezea vya kutosha.

Ferdinand Lohse amekufa. Alikufa mwaka 1891, kabla reli haijafika Nakuru. Amezikwa nyuma ya kanisa la mji huu na kaburi lake nimeliona.

Siolewi na mtu yeyote. Nilikuandikia barua mwezi wa Februari nikakueleza kila kitu, kwamba jumba letu litaonyesha maisha ya mwimbaji wa zamani, na sasa naelewa kwamba barua hiyo hukuipata. Ulipata ya pili tu, ambayo nilisema naamka naye na kulala naye. Nilikuwa namaanisha vitabu, Baba. Nilipokwambia nitakuwa mke wake, nilimaanisha jukwaani. Mimi ndiye nitakayeigiza Klara. Anayeigiza Ferdinand ni mzee wa hapa, ana mke wake, na mkewe ndiye anayenishonea hilo gauni.

Barua yako nilianza kuisoma nikacheka, halafu nikafika pale kwenye chumba ulichopaka rangi na sikuweza kucheka tena. Ulikuwa tayari kusafiri hadi huku kunitetea, na hata kumpa chai mtu usiyemtaka. Nimeisoma kwa rafiki yangu mmoja hapa nikiitafsiri, naye akaniomba nimsomee tena pale kwenye chumba.

Umesema kwanza apatane na baba yake. Walipatana. Kwa miaka mingi mchungaji hakutamka jina la mwanawe. Halafu alipozeeka alipanda treni peke yake akaenda mji mwingine ambako Ferdinand alikuwa akiimba, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Watu walicheka jioni nzima, yeye hakucheka hata kidogo. Kisha akazunguka mlango wa nyuma akamngoja. Ferdinand alitoka bado ana rangi usoni. Mzee akamwambia, "Kila neno lilifika hadi nyuma." Ndivyo alivyokuwa akimsifu mhubiri mzuri. Wakaenda kula.

Nakusimulia hili kwa sababu kuna jambo sikuwa nimekuambia. Mimi siimbi nyimbo za ibada, wala za huzuni. Nilijaribu zile nzito kwa miaka miwili, na mwaka jana waliniambia sauti yangu haizifai. Wakanipa sehemu ndogo ya mjakazi katika mchezo wa kuchekesha. Nilienda nikiwa nimekasirika, nikajikwaa mlangoni, ukumbi ukacheka, na nikahisi kitu ambacho sikuwahi kuhisi nikiimba nyimbo za maombolezo. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Niliogopa kukuambia, ndiyo maana nilituma wimbo ujisikilizie mwenyewe, kwa sababu tangu zamani uliwaambia watu naimba kanisani na ulikuwa unajivunia.

Jambo la mwisho, na hili silifanyii mzaha. Wimbo uliousikiliza kwa Fancy ni wa kuchekesha. Fancy hakuwa analia, alikuwa amecheka hadi machozi. Baba, husikii. Nadhani hujasikia kwa muda mrefu, na nadhani simu ya Kabazi haina shida yoyote. Hakuna anayekulaumu. Lakini nakuomba uende na Fancy kliniki ya masikio huko Nakuru. Nenda kwa ajili yangu, maana nataka unisikie nikiwafanya watu wacheke, hata kama wewe hutacheka.

Binti yako ambaye haolewi,
Nabalayo

*

Kabazi, 16 Juni 2025

Binti yangu Nabalayo,

Mwaka 1891. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikamtazama Fancy, naye tayari alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, hawezi kusema neno. Sikucheka. Niliingia ndani nikalala kitandani na viatu, na nililala usingizi wa mchana ambao sijaupata tangu Machi. Nilikuwa nimechoka, mama. Nilikuwa nimemchukia huyo mtu kutoka asubuhi hadi jioni, na mimi si mzoefu wa kuchukia.

Barua yako ya Februari imepatikana. Iliingia sanduku la shule ya msingi, na mwalimu mkuu ameniletea wiki iliyopita akiomba msamaha. Nilimwambia hajui alichofanya, akadhani namtania.

Pastor Achola nimemwendea. Nilimwambia waondoe lile ombi la Jumatano. Akaniuliza kama yule ndugu ameacha pombe. Nikasema ameacha kabisa. Akafurahi, na mimi nikaona nisiendelee.

Kuhusu masikio, ni kweli. Ilianza nikiwa bado kiwandani. Mwanzoni niliacha kusikia ndege, nikasema si kitu. Baadaye ikawa wanawake na watoto, halafu simu. Sikutaka mje mnibebe kama kikapu. Kwaya nilikuwa naiongoza kwa kuangalia midomo.

Nilienda Nakuru na Fancy. Kliniki kuna msichana anaitwa Wachuka, mpole, aliniweka ndani ya chumba kidogo akanipima kwa mashine. Alisema kusikia kwangu hakutarudi kama zamani lakini kumebaki kwa kutosha kusaidiwa. Tuliporudi tena alinivalisha vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, akafanya mambo yake kwenye kompyuta, akaniambia, "Mzee, unanisikia?" Nikamwambia, "Msichana, usinipigie kelele." Fancy alitoka nje. Safari hii najua alikuwa analia, nilimsikia.

Nimegundua mambo mengi. Mlango wangu wa jikoni unalia vibaya sana. Jirani Kiprugut hukoroma akiwa macho. Na kwaya yetu, binti yangu, inashuka sauti kila ubeti, hadi tukifika ubeti wa nne tuko chini ya ardhi. Na mimi nimekuwa nikiwasifu. Nimewaita mazoezi ya ziada, hawajui kumetokea nini.

Habari ya nyimbo za kuchekesha. Ukumbi wa watu wanaocheka kwa sababu ya mtoto wangu, nimejaribu kuona ubaya wake na sijauona. Wazee wa kanisa nimewaambia ukweli. Mmoja aliuliza kama kuna pesa. Wengine waliuliza kama kuna video.

Sasa hebu niambie huyo Ferdinand aliishia vipi. Nimemchukia bure tangu Machi, ningependa kujua kama mambo yake yalimnyookea.

Baba yako,
W. Sitati

*

Altenrode, 3 Julai 2025

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako kwenye benchi nje ya nyumba, na jirani yangu alifungua dirisha kuuliza ni nini kinachonichekesha asubuhi hivyo. Nikamwambia ni baba yangu anasikia.

Onyesho limepita. Nilijikwaa kwenye lile gauni kama nilivyosema, lakini nilijikwaa pale tulipopanga, kwa hivyo inahesabika kuwa kazi. Ukumbi ulijaa. Siku ya pili mkurugenzi aliniita ofisini nami nikaogopa, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu na sikuwa nimekuambia hilo pia. Amenipa miaka miwili. Nilitia sahihi kabla hajamaliza kueleza.

Umeuliza alivyoishia. Yalimnyookea, ingawa si mapema. Klara alipoondoka alikunywa zaidi, kisha akaugua, daktari akamtisha, akaacha. Watoto walianza kuja kwake wakati wa likizo. Akakutana na Klara tena kwenye harusi ya binti yao mkubwa, wakacheza dansi pamoja, lakini hawakurudiana. Klara aliandika kwamba alikuwa mtu mzuri wa kukutana naye harusini.

Sauti ilipoanza kumwishia hakuificha. Palipokuwa na noti ya chini asiyoifikia tena, alielekeza kidole sakafuni, na mpiga ala ya besi katika okestra akampigia noti hiyo. Watu walilipa kuja kuona kidole hicho. Mwishowe aliacha jukwaa akawa anafundisha vijana, na katika barua moja aliwaambia wasiogope kuanguka, waogope kuanguka bila kusudi. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiketi ukumbini kama mtazamaji wa kawaida akimtazama mwanafunzi wake akiimba sehemu zake za zamani, na alikuwa akicheka kuliko wote, kana kwamba hajui kinachofuata. Alifia kitandani mwake, binti yake mkubwa akiwa pale. Hakuumwa sana.

Fancy ana video nzima. Nitakuja nyumbani mwezi wa Agosti, wiki tatu. Itazame kabla sijafika ili uwe umeshapata cha kulalamikia.

Binti yako,
Nabalayo

*

Kabazi, 27 Julai 2025

Binti yangu Nabalayo,

Nimeitazama jana, kwa Fancy, kwenye runinga ya saluni. Ilikuwa Jumamosi na palijaa. Fancy alisema tungoje wateja waende, wateja wakasema hawaendi popote.

Kijerumani sielewi lakini sikukihitaji. Zile ndevu zilipomwingia mdomoni nilicheka hadi Wachuka angeogopa kwa ajili ya vifaa vyake. Yule mzee anayeigiza ni fundi. Sauti yake ni besi ya kweli, haijakazwa. Na wewe nilikusikia. Si kwamba niliona mdomo ukienda. Nilikusikia, na sauti yako ni kama ya mama yako alipokuwa msichana, ila yeye hakuwahi kuimba akiwa amekwama dirishani.

Kisha ikafika ile sehemu ya mwisho mwisho, anarudi kutoka safari, amelewa kidogo, ana maua mkononi, na wewe umeshafunga sanduku. Hapakuwa na kicheko hapo. Unampita mlangoni. Anakupisha. Maua anayashika tu, hajui ayapeleke wapi.

Nilisahau niko wapi. Nilisema kwa sauti, "Nabalayo, rudi. Huyu ni mtu mzuri."

Saluni nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa. Fancy alisimamisha video, akaweka mikono kiunoni, akaniuliza, "Baba, si wewe uliyemkataa huyu?"

Nikamwambia, "Nilikuwa simjui."

Baba yako,
W. Sitati